Vijana walinyamaza kikaoni: nani aamue kitakachochorwa ukutani?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana hapa Moshi, mtaa ulio karibu na reli. Mwenye ghala la zamani ametupa ruhusa tuchore ukuta wake unaotazama barabara, urefu wa kama mita 30, na mfadhili ameshatoa fedha za rangi. Tuliitisha kikao ili vijana watoe maoni, wakaja 42. Mchoraji akawaonyesha mchoro aliouandaa: Mlima Kilimanjaro, twiga, mbuyu, na Mmasai amesimama na fimbo. Tukawauliza, "Mnaonaje?" Waliongea watatu tu, wote wavulana. Wengine wakasema "poa tu", wakachukua soda wakaondoka. Sitaki ukuta huu uwe mapambo ya watalii. Nifanyeje vijana waongee, na maneno yao yatageukaje kuwa mchoro?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na jambo ambalo huenda hukulitarajia: vijana wako walikujibu. "Poa tu" ni jibu kamili. Mtu akikuta sahani imeshapakuliwa, haulizwi tena anapenda nini. Ama anakula, ama anaaga. Mchoraji alipofunua karatasi yake, wote 42 walielewa pale pale kwamba neno limekwisha na wao wameitwa kuitikia. Ningekuwa na miaka 19 ningechukua soda yangu na mimi nikaondoka.

Kwa hiyo usihangaike na midomo yao, hangaika na ile karatasi. Kikao kisichoweza kubadili mchoro hakifai kuitwa kikao cha maoni, hata kama mahudhurio yalikuwa mazuri na picha za kumpelekea mfadhili zimetoka safi. Mwaka 1992 Roger Hart, katika andiko alilolifanya kwa ajili ya UNICEF, aliueleza ushiriki wa watoto na vijana kama ngazi yenye vipandio 8. Vitatu vya chini alisema si ushiriki kabisa: pale wanapotumiwa, pale wanapowekwa kama mapambo, na pale wanapoitwa ili tu ionekane nao walikuwepo. Nimeitumia ngazi hiyo miaka mingi kujipima mwenyewe, na nakwambia kwa upendo kwamba kikao chenu kilisimama kwenye kipandio cha tatu. Hujachelewa. Ukuta bado haujaguswa.

Anza na mchoraji. Mfuate kwake, uongee naye pembeni, umweleze kwamba mchoro ule utawekwa kando na kazi itaanza upya kwa kusikiliza. Mlipe kwa kazi aliyokwisha kuifanya. Wachoraji wetu wengi wa Moshi na Arusha wanaishi kwa kuuza mlima na wanyama kwa sababu ndicho kinachonunuliwa. Amekuletea bidhaa aliyozoea kuagizwa. Ukimheshimu hapo utampata mzima mzima kwenye vikao vinavyofuata. Ukimwaibisha mbele za watu, atakuchorea mlima ule ule kwa kinyongo.

Na akisema watu wanapenda twiga, mkumbushe watoto wa mlima huu waliomtangulia. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alichora watu wa kwao wakiwa kwenye shughuli zao. Picha yake moja ya mwaka 1956 inaonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, na leo ni mali ya Museum of Modern Art, jumba la makumbusho ya sanaa la New York. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alipochora ndani ya kanisa la Murang'a nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 1950, alimchora Yesu mweusi na akaiweka Injili katikati ya watu na vilima vya huko, kiasi kwamba muumini aliyeketi kwenye benchi alikuwa akitazama kwao. Hawa wawili walikulia chini ya Kibo na Mawenzi kama mchoraji wako, na wote walianza na jirani.

Kabla hujamwita kijana hata mmoja tena, kaa na watu wenye uwezo wa kusema hapana: mwenye ghala, mfadhili, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wake. Kwa kuwa ukuta unatazama barabara, pita manispaa uulize habari ya kibali, na ujue barabara hiyo iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, au TANROADS, wakala wa barabara kuu, maana jukwaa la kupandia likisimama kwenye hifadhi ya barabara mtaulizwa. Mfadhili akitaka nembo yake ikae ukutani, lisemwe sasa. Nembo kubwa inaugeuza mchoro kuwa tangazo la biashara, na matangazo yana ushuru wake. Kisha waulize wote swali moja: "Ni kitu gani hamtakubali kabisa kionekane pale?" Andika watakachosema kwenye karatasi moja, wasaini. Mara nyingi orodha huwa fupi: siasa za vyama, matusi, dini moja kuisema nyingine. Hilo la vyama lifuatilie hadi kwenye makopo ya rangi. Kijani na njano zikikaa peke yake, kuna atakayeona bendera ya chama, na mjadala utahama hapo hapo.

Karatasi hiyo ndiyo utakayoisoma dakika ya kwanza ya kikao kipya. "Haya matatu yamefungwa. Mengine yote ni yenu, na mchoraji amekubali kuchora mtakachokubaliana." Uyaseme maneno hayo pale tu ambapo ni kweli. Kijana wa mjini ameshaitwa kwenye semina nyingi, hawezi kukosa kunusa ahadi hewa.

Sasa majadiliano yenyewe, na hapa naomba uvumilie nitakaa kidogo.

Watu 42 kwenye ukumbi mmoja ni mkutano wa hadhara. Kwenye mkutano wa hadhara huongea waliozoea kuongea, na kwenu walikuwa wavulana watatu. Gawa vikundi vya watu 7 au 8, wakae duara, ikiwezekana chini, pasiwe na meza kuu. Sera yetu ya maendeleo ya vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35, lakini mwanafunzi wa miaka 16 hawezi kumpinga mbele za watu bwana wa miaka 33 mwenye mke na bodaboda mbili. Watenganishe kwa umri. Wasichana wakae peke yao kwanza, kikao kizima, ndipo baadaye wakutane na wavulana wakiwa na hoja zao mkononi na msemaji wao wamemchagua. Wapo watakaokwambia unagawa vijana. Waulize ni wasichana wangapi waliongea siku ile.

Angalia na saa. Kikao cha saa tisa alasiri ni kikao cha wasio na kazi. Wa bodaboda wanapumua kidogo asubuhi baada ya wanafunzi na wafanyakazi kufika wanakokwenda. Wafuate kijiweni kwao, dakika 40 zinatosha. Binti anayemsaidia mama yake kuuza ndizi soko la Mbuyuni au anayekunja mitumba hatafunga biashara akufuate ofisi ya mtaa. Nenda ukakae naye kwenye ndoo iliyogeuzwa, ununue ndizi zake, mwongee. Hayo nayo ni majadiliano, mradi wawe watatu au wanne na mtu anaandika.

Anayeongoza kikundi asiwe wewe, asiwe mchoraji, wala asiwe mjumbe wa serikali ya mtaa. Chagua vijana wanne au watano miongoni mwao, wafundishe nusu siku kazi tatu tu: kuuliza swali fupi, kukaa kimya hadi mtu ajibu, na kumgeukia ambaye hajasema. Kukaa kimya ndiko kugumu zaidi. Mwezeshaji mgeni akikutana na ukimya wa sekunde tano anaujaza kwa maneno yake, na baada ya hapo kikundi kinamsikiliza yeye. Pawe na mwandishi, na aandike maneno kama yalivyosemwa, pamoja na misimu yake. "Hapa ndo tunapoponea" isigeuzwe kuwa "eneo muhimu kiuchumi". Mchoraji hawezi kuchora eneo muhimu kiuchumi.

Halafu lile swali lenyewe. Usiulize "mnataka tuchore nini?" Ukiuliza hivyo utaletewa mlima, twiga, bendera na mchezaji mmoja wa Ulaya, kwa sababu mtu akiambiwa achague picha, anachagua miongoni mwa picha alizokwisha kuziona zimechorwa. Uliza kuhusu mahali. Mimi huwatembeza kwanza, wawili wawili, robo saa, kisha narudi na swali hili: "Ni kitu gani cha hapa kwenu ambacho mgeni akipita hawezi kukiona?"

Nakumbuka kikundi kimoja, vijana tisa chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya mtaa, hapa hapa Moshi. Swali likakaa. Mmoja akacheka, wengine wakatazama simu. Alikuwepo utingo wa daladala, kijana mwembamba ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema kitu. Akaokota kijiti, akachora mstari kwenye vumbi, mrefu, wenye kona mbili. "Mfereji," akasema. "Ulikuwa unapita hapa. Pale kwa fundi cherehani ulikuwa unakata. Tulikuwa tunashindanisha mashua za magome ya mgomba." Mwenzake akamnyang'anya kijiti: "Hapana, ulikata baada ya kwa fundi." Ndani ya dakika moja tisa wale walikuwa wamechuchumaa wanabishana kona za mfereji ambao siku hizi umefukiwa na kujengwa juu. Mwandishi hakuwahi kuinua kichwa. Tulipowapelekea wazee ule mstari, nao wakaja na habari za mifongo, ile mifereji ya maji ya Wachagga, zamu za maji, na ugomvi wa waliofungulia maji usiku wa manane. Mchoro uliotoka una mstari wa buluu unaokimbia ukuta mzima, mwanzo hadi mwisho, wenye kona mbili, na kila kinachotokea kwenye ule mtaa kinatokea kando yake. Hakuna mtaalamu ambaye angeufikiria. Ulitoka kwenye kijiti.

Sasa namna ya kutoka kwenye maneno hadi kwenye mchoro, maana hapa ndipo kazi nyingi hufa. Vijana wanasema mazuri, daftari linajaa, mchoraji anakwenda nalo nyumbani, anarudi na picha ambayo hakuna anayejiona ndani yake. Dawa ni mchoraji kuwepo tangu mwanzo. Kikao cha kwanza aje mikono mitupu, asikilize tu. Cha pili aje na vipande vidogo vingi vya karatasi, kila kimoja na kitu kimoja: mfereji, cherehani, behewa, mkono umeshika beleshi. Vimwagwe chini, vijana wavipange wenyewe, wavisogeze, wavitupe, waongeze. Kitu kinachosogezeka kinaalika mkono kukisogeza. Karatasi moja kubwa iliyopakwa rangi vizuri inaalika makofi. Nyuma ya kila kipande andika sentensi iliyokizaa na kikundi kilichoisema. Kipande kisicho na sentensi nyuma kitolewe, hata kama kimechorwa vizuri kiasi gani.

Usiione hii kuwa ni kupoteza muda. Los Angeles, Marekani, msanii Judy Baca alianza mwaka 1976 kuchora na vijana ukuta wa mfereji wa maji ya mafuriko, kazi iliyofikia takriban mita 840 na kuwashirikisha vijana zaidi ya 400 kwa miaka kadhaa, baadhi yao wakiwa wameshakutana na mkono wa sheria. Walichora historia ya watu ambao vitabu vya shule viliwaruka, na ili kuijua ilibidi kwanza wakae, waulize na wasikilize. Wewe una mita 30. Mwezi mmoja na nusu wa mazungumzo kabla ya brashi haujazidi.

Kwenye kuamua, nisikilize vizuri, kwa sababu hapa niliwahi kuharibu. Tulikuwa Arusha, tuna michoro mitatu, nikaita watu wote na kusema wanaotaka wa kwanza wanyooshe mikono. Wavulana wa kijiwe kimoja walikuja pamoja, zaidi ya 20, wakanyoosha pamoja. Wasichana waliokuwa wamefanya kazi wiki tatu wakashindwa kwa dakika moja. Mchoro ulipakwa, na wasichana hawakurudi hata siku ya kushika brashi. Lile ni kosa langu na sijalisahau.

Siku hizi natumia maharage. Kila mtu anapewa punje tano, anapita mmoja mmoja kwenye vipande vilivyotandazwa na kuziweka anapotaka. Anaweza kuzimimina zote pamoja au kuzigawa. Wasichana watumie maharage, wavulana mahindi, ili uone kipande kipi kinapendwa na upande mmoja tu. Punje zikishahesabiwa usitangaze mshindi. Nenda kwenye kile kilichopata maharage mengi na mahindi sifuri, uulize kwa nini. Mazungumzo bora niliyowahi kuyasikia yalianzia kwenye ile sifuri.

Mtabishana pia na wazee, na mnatakiwa mbishane. Mtaa mmoja vijana walitaka kumchora rafiki yao, dereva wa bodaboda aliyegongwa na lori. Wazee wakakataa: marehemu hachorwi barabarani, na leo akichorwa huyu, kesho nani? Vijana wakasusa. Tulikaa wiki nzima bila kuelewana, hadi msichana mmoja aliposema mbona hatujamuuliza mama yake. Wakaenda watatu, jioni, na kilo ya sukari. Mama akawasikiliza. Akaingia ndani, akatoka na lile koti la kuakisi mwanga, limefuliwa, limekunjwa. Akasema sura yake hapana, hataki kukutana nayo kila akienda sokoni. Lakini koti sawa. Basi pale ukutani pana koti la rangi ya chungwa limetundikwa kwenye msumari, mkono mmoja umekunjwa kwa ndani kama mtu aliyelivua kwa haraka. Jina hakuna. Kijiwe kizima kinajua. Wazee walipoliona waliridhika, na vijana hawakuona kwamba wameshindwa. Kwa hiyo mkikwama, tafuta ni nani jambo hilo linamhusu kuliko nyote, mfuateni nyumbani.

Mengine nayapitia haraka. Wa chini ya miaka 18 pata ridhaa ya mzazi, kwa maandishi, na wasipande jukwaani. Wapake sehemu ya chini. Nauli na chakula viwekwe kwenye bajeti kabla ya rangi, na vijana watakaoshinda juani siku kumi walipwe ujira, kwa sababu siku hizo wangekuwa wanatafuta riziki. Kubalianeni kwa maandishi nani anamiliki picha ya mchoro huo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na kesho mtu anaweza kuichapa kwenye fulana. Majina ya vijana yaandikwe ukutani kwa herufi sawa na za mchoraji. Rangi iwe ya nje, ukuta ukwanguliwe na kupigwa rangi ya kwanza ya kushikilia, na msiguse wakati wa masika. Kuanzia Machi hadi Mei ukuta wa ghala la zamani unanyonya maji na chumvi itasukuma rangi yote nje. Agosti na Septemba ni salama.

La mwisho ni la bei rahisi kuliko yote. Mchoro ukishakubaliwa, usipake. Nunua chaki boksi mbili, mchoraji na vijana wauchore wote ukutani kwa ukubwa wake halisi, kisha uuache siku tano. Weka benchi pembeni, na kila siku wawili kati ya wale uliowafundisha wakae hapo na daftari, asubuhi wanafunzi wakipita, jioni watu wakitoka kazini. Wasiulize chochote. Waandike wanachosikia. Atapita mama mmoja aseme, "Hiyo cherehani mbona haina kanyagio?" Mkamtafute fundi, mwangalie kanyagio lake lilivyo, mfute mchore tena.